Difu ya Quaife ATB kwa gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele

Gari lenye injini kali linaloendeshwa na magurudumu ya mbele huvuta usukani upande ukikanyaga mafuta. Difu ni kifaa kinachogawa nguvu ya injini kati ya tairi mbili. Hii ya Quaife ATB, yenye gia za mshazari, inasaidia sana pale chanzo kinapokuwa tairi moja kuteleza: inapeleka nguvu kwenye tairi yenye mshiko, taratibu, bila kushtua mikono. Haina pleti za klachi za kuisha, na inatumia mafuta ya kawaida ya gia boksi. Hapo ninaisifu bila kusita.

Lakini haitibu mvuto unaotokana na shafti za magurudumu zenye urefu tofauti, na tairi moja ikining'inia hewani inabaki karibu sawa na difu ya kawaida. Ukiifunga kwenye gari lenye bushi (mipira) za amu, yaani mikono inayoshika magurudumu, zilizolegea, usukani unaweza kuvuta kuliko mwanzo, maana sasa nguvu nyingi zaidi inafika barabarani. Kwa hiyo badilisha bushi na mauntingi za injini kwanza, linganisha upepo wa tairi, kisha pima alaimenti. Ili kuifunga difu, gia boksi lazima ishushwe. Weka beringi na sili mpya za shafti hapo hapo, na bolti za krauni (gia kubwa inayofungwa kwenye difu) zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo, si kwa kukisia.