Waya wa Kupasha Mabomba Joto: Tathmini Baada ya Misimu Miwili ya Baridi

Waya huu niliununua baada ya bomba lipitalo chini ya sakafu, mahali pasipofikiwa na joto la nyumba, kuganda mara mbili ndani ya wiki moja. Umenihudumia kwa misimu miwili ya baridi, na tangu niufunge bomba hilo halijaganda tena.

Nilichagua aina inayojirekebisha yenyewe. Ndani yake, baina ya nyaya mbili za shaba, mna plastiki iliyochanganywa na chembe za kaboni. Baridi ikizidi, plastiki hiyo husinyaa, chembe zikakaribiana na umeme ukapita kwa wingi zaidi, na ikipata joto hutanuka na kuupunguza. Hivyo kila sehemu ya waya hutoa joto kulingana na baridi iliyopo hapo hapo. Aina nyingine, ambayo joto lake halibadiliki, huweza kuungua pale inapopishana juu yake yenyewe, na kwa kuwa kazi hii niliifanya nikiwa nimelala chali gizani, sikutaka kosa dogo la mkono ligeuke moto.

Lawama yangu ni kwa maelezo ya kisandukuni. Neno “hujirekebisha” humfanya mnunuzi adhani kuwa waya hujizima, ilhali huendelea kula umeme kidogo hata siku za joto. Kinachouzima ni swichi yenye kipimajoto, ambayo huuwasha joto linapokaribia nyuzi 3 za Selsiasi, nayo nililazimika kuinunua kando. Vilevile, ushauri wa kutumia utepe wa alumini kwenye bomba la plastiki, ambalo halisambazi joto vizuri kama la shaba, umepewa sentensi moja tu, tena kwa herufi za kutafutwa kwa miwani.

Juu ya waya nilivika sponji ya kufunikia mabomba, baada ya kuhakikisha kuwa mtengenezaji anairuhusu. Sponji peke yake haizalishi joto, huchelewesha tu lililopo lisipotee. Lakini bila hiyo waya ungekuwa unapasha hewa.

Udhaifu usioepukika ni kwamba umeme ukikatika waya hauna kazi, na mara nyingi umeme hukatika usiku ule ule wa dhoruba. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na aghalabu bomba hupasuka kwa shinikizo la maji yaliyonaswa kati ya barafu na koki iliyofungwa. Kwa hiyo usiku kama huo huiacha koki ya mwisho ikidondosha maji taratibu, shinikizo lipate pa kutokea.

Kwa bomba lililo wazi, linalofikika na lenye soketi iliyolindwa dhidi ya umeme unaovuja, ningeununua tena. Kwa bomba lililozikwa ukutani nisingeuthubutu, isipokuwa mtengenezaji awe ameruhusu hivyo waziwazi.