Maua halisi kwenye keki ya harusi: yapi ununue kwanza, yapi uyaache dukani

Bibi harusi akinifungulia simu anionyeshe keki anayoitaka, mara nyingi nakutana na picha ileile: ghorofa tatu nyeupe, na maua ya piyoni yamefura kama mito. Piyoni ni ua la nchi za baridi. Mmea wake usipopitia majira ya baridi ya kweli hauchanui, kwa hiyo Dar es Salaam utalipata kwa kuagiza nje tu, na ghali. Basi kabla hatujazungumza rangi, namrudisha kwenye maua tuliyo nayo. Ninayapanga kwa mambo mawili: je, ua litasimama ukumbini hadi saa nne usiku? Na je, halitamdhuru mlaji?

Swali la pili watu huliruka. Husema maua yatatolewa kabla keki haijakatwa. Kwa keki kubwa ni sawa, lakini keki za wakwe je? Zile ndogo ambazo maharusi hupiga magoti kuwakabidhi wazazi wa pande zote mbili hufungwa na maua yake juu, zikapanda gari, zikaliwa kesho yake asubuhi na wajukuu. Niliwahi kualikwa kwenye harusi moja nikaona keki ya wakwe imechomekwa oleanda, ule mti wa maua mekundu ya kuiva unaopandwa kwenye nyua na kando ya barabara. Mabua yamezama moja kwa moja kwenye krimu, na palipokatwa pamelowana utomvu. Oleanda ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na sumu hiyo imo katika majani, maua na utomvu wake. Nilimvuta pembeni mama mmoja wa kamati, tukaitoa keki ile na kuitupa nzima, maana kuchomoa maua peke yake kusingetosha. Wakwe walikatiwa ghorofa ya chini ya keki kuu. Tangu siku ile sipokei maua ya mpambaji bila kuyaona kwanza.

Chaguo langu la kwanza ni waridi, na sioni la kulishinda. Lenyewe halina sumu, lina rangi karibu zote isipokuwa buluu, na linalimwa kwetu: upande wa Arusha kule Usa River, na Kenya kuzunguka Ziwa Naivasha, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako ubaridi wa usiku hulifanya liwe na kichwa kikubwa. Ukiwa Nairobi, vibanda vya maua vya City Market ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukiwa Pwani, muulize muuzaji mzigo umeshuka lini, maana waridi lililokaa siku tatu kwenye joto limekwisha hata kama linapendeza.

Usiliamini jicho peke yake. Libonye waridi kwa vidole viwili pale chini, petali zinapokutana na kikonyo. Likiwa gumu kama ndimu changa, nunua. Likibonyea, limechoka. Kisha tazama petali za nje. Waridi linalotoka shambani huwa na petali mbili tatu za nje zenye rangi ya kijani au alama za kusuguana. Ukiona kila waridi kwenye ndoo ni safi bila doa, uliza kwa nini: huenda muuzaji amekuwa akiyamenya kila siku yaonekane mapya. Na shingo iliyoinama, achana nayo.

Jambo moja lazima niliseme wazi. Waridi la shamba la biashara hupigwa dawa, kwa sababu limelimwa liwe pambo na si chakula. Linafaa kukaa juu ya keki likiwa limetenganishwa nayo, lakini halifai kunyambuliwa petali na kumwagwa kwenye krimu. Ukitaka petali za kuliwa, tafuta mtu mwenye mawaridi uani kwake asiyepiga dawa. Mimi nina mama mmoja Tegeta ninayemwagiza wiki mbili kabla, na kwa keki za wakwe situmii mengine.

La pili ni asumini, na hapa najua nitapingwa na watu wa bara. Mtu wa Unguja, Mombasa au Lamu haelezwi harusi na asumini vinahusianaje. Ndiyo iliyo kwenye vikuba, vile vishada vya kunukia wanavyovaa wanawake wa Pwani, pamoja na mrehani na waridi. Kwenye keki huitumii kama ua kubwa. Unatunga vikonyo kwenye uzi ukazungusha shada pale ghorofa moja inapokalia nyingine, au unaacha kishada kidogo juu. Uzuri wake ni saa: huchumwa mchana ikiwa bado vitumba na hufunguka jioni, kwa hiyo keki ya sherehe ya usiku hunukia wakati maharusi wanaingia. Ubaya wake ni huohuo, maana asubuhi imeshageuka kahawia. Kwa sherehe ya mchana usiinunue. Na hakikisha ni asumini yenyewe, hii inayotiwa hata kwenye chai, kwa sababu kuna mimea mingine yenye maua meupe ya kunukia inayoitwa jina hilo nayo ni sumu. Wauza vikuba hawakosei, nunua kwao.

Ya tatu ni okidi, aina ya dendrobiamu. Kwa joto haina mpinzani. Nimeiweka kwenye keki ufukweni, jua la saa tisa, mawaridi yakaanza kulegea yenyewe imesimama vilevile. Thailand hupambia hata sahani za chakula. Ningeipandisha daraja kama si bei, maana nyingi huagizwa. Lakini kumbuka unahitaji chache: tawi moja lenye maua saba au manane linateremka ubavuni mwa keki likatosha. Harusi ikiwa ya nje, kati ya Januari na Machi, lipia okidi, usijibane.

Krisanthimamu, ambazo wauzaji wengi huziita deizi, naziweka ya nne. Ni nafuu, hazinyauki upesi, zinajaza nafasi. Ila ni ndugu wa pareto, ua linalotengenezewa dawa ya wadudu, na utomvu wake huwawasha ngozi baadhi ya watu, kwa hiyo zikae mbali na sehemu inayoliwa.

Bajeti ikiwa imekatika kabisa, bogainvilia ya uani kwa jirani haikuaibishi. Ile rangi si ua bali ni majani yaliyogeuka, ndiyo maana ni kavu kama karatasi na haichuji maji kwenye krimu. Vua miiba yote. Jipsofila, vile vidoto vyeupe, huwa ya mwisho kwangu. Kila mtu anaiomba, lakini hupukutika, na kuokota chembe moja moja kwenye krimu nyeupe dakika kumi kabla ya maharusi kuingia ni mateso.

Haya mengine usinunue kabisa kwa ajili ya keki, hata ukipewa bure: oleanda, haidrenjia, ile yenye vichwa vya duara vya maua madogo madogo, ambayo ina kemikali zinazoweza kutoa sianidi na tena hunyauka ikitolewa majini, arumu, lile ua jeupe lililojikunja kama faneli, lenye chembe kali zinazochoma mdomo na koo, alamanda ya njano, na tarumbeta linaloning'inia, ndugu wa mnanaha. Mpambaji akikwambia "tumeshaweka sana na hakuna aliyeumwa", mwambie ayaweke mezani, mbali na keki.

Kwa ghorofa tatu, mawaridi 15 yaliyofunguka yanatosha kwa mafungu matatu. Nunua 20, maana kuna yatakayovunjika. Yanunue siku mbili kabla, kwa sababu waridi la dukani huja limefumba. Kata mabua kwa mshazari, vua majani ya chini, yatumbukize kwenye ndoo ya maji hadi nusu, uyaweke penye ubaridi. Usiyaweke karibu na ndizi au maembe yanayoiva. Gesi ya matunda hayo huyazeesha maua usiku mmoja.

Siku yenyewe kata bua libaki kama sentimita tano, lizungushie kanda ya maua, kisha litie ndani ya mrija mnene ambao ncha yake umeiziba kwa chokoleti nyeupe iliyoyeyushwa. Mrija ndio unaoingia kwenye keki, bua halifiki. Waya usiingie kabisa. Panapolala maua kwenye krimu, tandika kwanza kipande cha karatasi ya kuokea kilichokatwa kwa umbo lake.

Hesabu mirija unapochomeka na uandike idadi nyuma ya kibao cha keki. Anayekata aitoe yote, ahesabu, ikilingana ndipo kisu kiingie. Keki za wakwe nazipamba kwa petali za mama wa Tegeta peke yake, bila bua wala mrija, na ninazimwaga pale MC anapoanza kuwaita wazazi mbele.