Baikal MP-43 na CZ 457: bunduki mbili kwa shamba la Lubumbashi

Kwale kwenye majani makavu, kanga pembezoni mwa mahindi, sungura jioni, na nguruwe mwitu anayefukua mihogo. Kwa mwenye shamba nje ya Lubumbashi, kwenye barabara ya Kasenga au upande wa Kipushi, kazi zote za bunduki zimeishia hapo. Bunduki mbili zinazitosha: ya kalibri 12 yenye mitutu miwili, na ndogo ya .22 ya komeo, inayopakiwa risasi moja moja kwa kuvuta mpini. Wengi hununua ya nne na ya tano kwa kuwa hawajaijua ya kwanza. Bunduki ya 12 hugeuka kwa kubadili kartushi, na ikiwa na mitutu miwili hugeuka hata bila kubadili kitu, kwa kidole tu.

Karatasi kwanza. Ordonansi-Loi nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo inayosimamia silaha na risasi nchini Kongo (DRC), na Sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inasimamia uwindaji. Silaha ya vita si mali ya raia, na hapa haimo. Siku ya kununua, linganisha nambari iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kibali, tarakimu kwa tarakimu. Bunduki isiyo na karatasi hata ukipewa bure ni ghali.

Tuanze na MP-43, ile ya kalibri 12, inayotengenezwa Izhevsk, Urusi. Wazee bado wanaiita IZH-43, jina lake la zamani. Mitutu imelala ubavu kwa ubavu na vifyatulio ni viwili: cha mbele ni cha mtutu wa kulia, cha nyuma ni cha kushoto. Kila mtutu una mbano wake mdomoni, yaani choki. Kwa kawaida wa kulia umebanwa milimita 0.5, wa kushoto milimita 1. Maana yake, kwale akiruka mita 20 mbele yako unavuta cha mbele na marisau, zile punje za ndani ya kartushi, yanatawanyika mapema. Kanga akiwa mita 35 unarudisha kidole nyuma, na mtutu wa pili unayashika pamoja kwa mwendo mrefu zaidi. Bunduki yenye kifyatulio kimoja inakulazimisha kusogeza swichi, na ndege hasubiri swichi.

Sifa yake kubwa haionekani dukani: ndani ya mitutu na chemba, pale kartushi inapokaa, mmepakwa kromu. Kuanzia Novemba mpaka Machi, mvua zikiwa zimeshika, hilo ndilo linalotenganisha mtutu unaong'aa na mtutu wenye vidoa vya kutu baada ya wiki mbili za uvivu. Uzito wake, karibu kilo 3 na nusu, unalalamikiwa sana, lakini ndio unaomeza teke la kartushi nzito. Kasoro zipo. Vifyatulio ni vizito, mbao ni za kawaida kabisa, na wenzo wa kufungulia ni mgumu mpaka chuma kizoeane na chuma. Kizuizi cha usalama hujirudisha chenyewe kila ukifungua, na asiyezoea huvuta kifyatulio kikakataa huku kanga wanakwenda zao. Kuna jambo la vipuri pia: kampuni mama, Kalashnikov, iko chini ya vikwazo vya Marekani na Umoja wa Ulaya tangu 2014. Kwa hiyo nunua pini mbili za kupigia na springi zake siku hiyohiyo, usingoje zivunjike.

Sasa kartushi, maana ndiko pesa inakoliwa. Usifuate nambari ya marisau iliyoandikwa kwenye boksi. Ya Kifaransa, ya Kiingereza na ya Kimarekani hazilingani. Uliza milimita. Kwa kwale na njiwa, milimita 2.5 hadi 2.7. Kwa kanga na sungura, 3 hadi 3.3. Kartushi ya gramu 32 yenye punje za 2.7 ina punje karibu 280. Zikiwa za 3.3 zinabaki kama 150. Ndiyo sababu mtu anayepiga kwale kwa marisau makubwa "ili afe vizuri" hukosa: ndege anapita katikati ya matundu. Kwa nguruwe mwitu ni risasi moja nzima, aina ya Brenneke, kupitia mtutu wa kulia, si zaidi ya mita 40 mpaka uwe umejaribu kwenye karatasi. Kartushi za punje tisa kubwa watu wanazipenda mno. Baada ya mita 25 zinajeruhi kuliko zinavyoua.

Jaribio lenyewe ni rahisi, tena linapaswa kufanywa kwa kila aina ya kartushi unayonunua. Pata karatasi pana, simama mita 36, piga kartushi moja kwa kila mtutu. Tafuta palipojaa zaidi, chora duara la sentimita 75, hesabu matundu. Mbano wa 0.5 unatakiwa uweke karibu asilimia 60 ya punje ndani ya duara, ule wa milimita 1 karibu 70. Ukipata 45 kwa mtutu wa kushoto, kosa kwa kawaida ni la kartushi: risasi laini iliyopondeka ikipita kwenye mbano. Badili chapa kabla ya kumlaumu fundi.

Katanga, eneo hili la Lubumbashi, ina tatizo ambalo mji mwingine unaweza usilijue: bunduki za Ubelgiji za zamani, zilizoachwa au kurithiwa, zinazouzwa kwa maneno matamu. Nyingi ni nzuri kweli. Lakini fungua bunduki, geuza mitutu utazame sehemu bapa iliyo chini yake, upande wa chemba. Utaona alama ya Liège, herufi ELG ndani ya umbo la yai, na karibu yake kipimo cha chemba. Ikiwa ni 12-65, kartushi za leo za milimita 70 haziruhusiwi humo, japo zitaingia bila ubishi. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kipimo cha 70 ni cha ganda likiwa limefunguka baada ya kupigwa. Likiwa limekunjwa mdomo ni fupi. Linaingia, unafunga, unapiga, mdomo wa ganda unafungukia ndani ya sehemu nyembamba mbele ya chemba, na shinikizo linapanda juu ya kile chuma kilichopimiwa. Hesabu ni ileile kwa kartushi ya 76 ndani ya chemba ya 70. Na ukiona mitutu yenye michirizi kama mbao, ile ya chuma kilichosokotwa, itundike ukutani ikiwa tupu. Ilitengenezwa kwa baruti nyeusi.

Utakutana pia na Auto-5 ya FN, kiwanda cha Ubelgiji, bunduki ya Browning inayojipakia yenyewe kwa mtutu mzima kurudi nyuma. Ni mashine tamu, lakini inataka mwenye kuielewa. Chini ya mbao ya mbele kuna springi na pete ya msuguano. Kwa kartushi nzito, pete inakaa mbele ya springi, ikigusana na kipande cha shaba. Kwa nyepesi, inahamishiwa nyuma ya springi, upande wa mwili wa bunduki. Mtu akiacha mpangilio wa nyepesi akapiga nzito, mtutu unarudi bila breki na mbao ya mbele inapasuka kwa urefu. Ndiyo maana Auto-5 nyingi zinazouzwa zina ufa hapo, au gundi juu ya ufa.

Mitutu miwili iliyotumika, ipime hivi. Hakikisha haina kitu. Toa mbao ya mbele, shika mitutu, tikisa. Ukisikia kugongagonga, bawaba imelika. Tazama kupitia mitutu kuelekea mwangani: pete nyeusi inayozunguka ndani ni uvimbe, mtutu uliwahi kupigwa ukiwa umezibwa. Kisha ninginiza mitutu kwa ndoano yake na uigonge kwa kucha: ikilia kama kengele, sawa, ikitoa sauti ya debe, solda ya katikati imeachia. Mwisho weka kartushi bandia, fyatua wa kulia, halafu gonga kitako sakafuni kwa kiasi. Wa kushoto ukijifyatua wenyewe, rudisha bunduki kwa muuzaji.

CZ 457, ile ndogo ya .22, haina maneno mengi, maana haina kasoro nyingi. Inatoka Uherský Brod, Jamhuri ya Czech, magazini ya risasi tano, komeo linalozunguka nyuzi 60 tu kwa hiyo mpini haugongi darubini. Kifyatulio hurekebishwa, na ni safi kiasi kwamba bunduki za bei mara mbili zinaona haya. Onyo moja tu kwa aliyezoea dada zake wa zamani, 452 na 455: kizuizi cha usalama kimegeuzwa. Kwenye 457 kusukuma mbele ni kupiga. Kwenye zile, kuvuta nyuma ndiko kulikuwa kupiga. Nyumba yenye zote mbili inajitafutia ajali.

Rekebisha darubini ili risasi igonge unapolenga kwa mita 50. Ukipiga mita 100 bila kurekebisha, risasi itashuka sentimita 15 hivi, kwa hiyo usipige mnyama huko. Na kwa kuwa risasi ni gramu 2.6 tu, watu wanaichukulia kama kitu cha watoto. Inaweza kufika kilomita moja na nusu, na kwenye mawe mekundu ya huku hudunda kama mpira. Vichuguu vikubwa vya Katanga ndivyo ukuta bora wa kuzuia: udongo mnene, mrefu kuliko nyumba, haurudishi risasi. Piga ukiwa umekielekea uso kwa uso, si kwa pembeni.

Ya tatu? Bunduki za risasi kubwa, .30-06 au .375 H&H ni kwa mwenye kibali cha wanyama wakubwa na mahali pa kuwindia. Shambani zitalala. Pesa hiyo ipeleke kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani, jingine dogo la risasi lenye ufunguo wake tofauti, brashi ya shaba na mafuta. Mafuta yawe kidogo. Yakizidi yanateremka kwenye kitako na kuoza mbao pale inaposhikana na chuma, kwa hiyo simamisha bunduki mdomo ukiwa chini juu ya kitambaa.

Usichanganye kalibri nyumbani. Kartushi ya 20 ni ya njano kwa sababu moja: ikiingia kwenye mtutu wa 12 inateleza mpaka mbele ya chemba na kukwama, mtu anadhani hakuweka kitu, anapakia ya 12 nyuma yake. Na kartushi zilizolala masika mbili kwenye kabati lenye unyevu zitakupa siku moja mlio hafifu, puf badala ya paa. Usivute kifyatulio cha pili. Kizibo cha kartushi huenda kimebaki ndani ya mtutu. Fungua, toa zote mbili, tazama mwanga mpaka mwisho wa mtutu, na usipouona tumia fimbo ya kusafishia kabla ya kitu kingine chochote.