CS50 kwa waliomaliza fomu siksi: niko nayo tangu mwezi wa sita, nawaambia ilivyo

Haya wadau, mnanisikia? Feni nimeizima isije ikanguruma kwenye maiki, kwa hiyo mkiona natokwa jasho mjue hiyo ndo sababu. Leo sina simu wala spika ya kuwafungulia boksi, leo nawachambulia kozi, CS50, ile ya Harvard ya kuanza sayansi ya kompyuta, kwa sababu kila nikiweka vidio mtu ananiuliza, kaka nimemaliza pepa mwezi wa tano, chuo kinafungua mwezi wa kumi huko, nifanye nini nisikae tu nyumbani natumwa dukani.

Kwanza hela, najua ndo mnachotaka kusikia. Ni bure. Unaingia kwenye tovuti yao wenyewe, mihadhara yote ipo, noti zipo, kazi za kila wiki zipo na zinasahihishwa palepale na mashine. Ukipitia edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, kuna cheti cha kulipia, ila ukimaliza kazi zote pamoja na mradi wa mwisho, kila moja ukapata angalau asilimia 70, CS50 wenyewe wanakupa cheti chao bila senti. Kwa hiyo mtu akikuomba hela ya kukuunganisha, huyo kimbia.

Anayefundisha ni David Malan, na aisee yule jamaa anajua kuteka darasa. Wiki ya kuanzia kabisa, wao wanaiita wiki sifuri maana kompyuta inaanza kuhesabu na sifuri, anachukua kitabu cha simu anakipasua katikati. Sasa sisi wengine kitabu cha simu hatujawahi hata kukiona, nikabaki najiuliza huyu vipi, mpaka nikafikiria kamusi: unatafuta neno, unafungua katikati, liko mbele au nyuma, nusu moja unaachana nayo. Kurasa 1,000 unazimaliza kwa mara kumi tu. Mi hesabu za logi nilizisoma kwa kukariri miaka miwili, nikazielewa siku hiyo, kwa karatasi iliyopasuliwa.

Wiki sifuri ni Scratch, unavuta vipande vya rangi, mdogo wako wa darasa la tano anaweza. Usidanganyike. Wiki inayofuata, ndo wanayoiita ya kwanza, unaingia C, lugha ya kuandikia programu, na hapo ndo kilio kinaanza, unaandika kodi (sio ya TRA, tulieni), unasahau nukta mkato moja, skrini inajaa makosa mekundu kama daftari langu la fomu wani. Lakini ndo utamu wake, maana C haikufichi kitu. Mfano int, yaani namba nzima ya kawaida kwenye C, ina baiti nne, mwisho wake ni 2,147,483,647, ukiongeza moja, mara nyingi inageuka hasi, yaani ungekuwa na programu ya kutunza hela za kikundi mkafika bilioni mbili na kitu, siku inayofuata mnaonekana mnadaiwa. Hivi vitu kwenye ICT ya shule tuliishia Word na kuchora jedwali.

Kilichonimaliza ni wiki ya nne, memori. Unapewa faili moja la kadi ya kamera iliyofutwa, unaambiwa zirudishe picha. Basi unasoma baiti 512 kwa 512, unatafuta alama ambayo kila JPEG inaanza nayo, ukiikuta unafungua faili jipya. Nilikaa nayo siku nne, napata kosa lilelile, mama anapita ananiuliza bado hujamaliza huo mtihani, halafu usiku wa nne nikaendesha na zikatoka picha 50. Hamsini! Kwenye folda ambayo ilikuwa tupu. Nilimwamsha mdogo wangu aje aone, akaniangalia tu akarudi kulala.

Sasa bando. Mhadhara mmoja unaenda kama masaa mawili, ukiutazama kwa ubora wa juu umekwisha. Mi nafanya hivi, nasoma noti kwanza, ni maandishi matupu hayali kitu, vidio nashusha usiku kwa ubora mdogo, na kodi naandikia kwenye brauza, cs50.dev, unachohitaji ni akaunti ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia kodi. Kompyuta yangu ni kuukuu ya RAM GB 4 na inatosha, ila kwa simu peke yake usijitese, utachukia kompyuta bure.

Kiingereza, ndio, anaongea kwa kasi. Washa maandishi ya chini, punguza spidi, hakuna anayekuona. Na haraka ya nini, hakuna tarehe ya kila wiki, ukichelewa mwaka ukaisha kazi ulizokwisha tuma zinahamia mwaka unaofuata. Kazi nyingine zina njia mbili, ya anayejisikia yuko vizuri na ya ambaye bado. Wiki ya tatu niliiangalia Tideman, ile ngumu, nusu saa nikafunga, nikafanya Runoff, ile nyepesi, na sina aibu.

Kitu kimoja lakini: ukitazama vidio tu bila kufanya kazi, hujasoma CS50, umeangalia tamthilia. Na ChatGPT hairuhusiwi kabisa, wana msaidizi wao wa AI, wanamwita bata, ukimuuliza anakurudishia swali, anakera kama mwalimu wa hesabu, ila ndo anakufanya ufikiri.

Mi nimefika wiki ya saba, SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata maswali, unatafuta mwizi wa bata kwa kupekua kanzidata, tamu hatari. Ila usiku wa leo narudi Speller ya wiki ya tano, kazi ya kukagua tahajia, kamusi yake ina maneno 143,091 na programu yangu inayatafuta taratibu kama daladala inayosubiri kujaza. Ngoja niwashe feni kwanza.