Washauri wa BIM toka Dar: nyota 4, ya tano bado naidai

Wakuu, ofisi yetu ya ramani ipo Mbeya, tuko sita, miaka yote tunachora na AutoCAD na maisha yanaenda, mpaka bosi akasema tunahamia BIM (jengo zima mnalijenga kwenye kompyuta kama modeli moja, siyo karatasi moja moja), akaleta washauri wawili toka Dar wakae nasi wiki mbili. (Fundi wetu mmoja aliposikia akauliza "bimu gani tena, si tushamwaga?", yeye anajua bimu ya zege tu, mpaka leo hatujaacha kumcheka.)

Siku mbili za kwanza hasara tupu. Slaidi, chai, slaidi, halafu wanafundisha Revit (programu ya kuchorea BIM) kwa nyumba ya mfano, kiwanja tambarare kama meza, wakati huku ukipata kiwanja kisicho na mteremko shukuru Mungu. Siku ya tatu bosi uzalendo ukamshinda, akawaambia jamani fungeni hiyo, fungueni kazi yetu, hosteli ya vyumba 40 kule Iyunga. Hapo ndo nikaanza kuelewa. Tukajenga modeli, tukaingiza mabomba, kumbe bomba la maji machafu linapita katikati ya bimu! Siku zote hatukuliona maana bomba lina karatasi yake na bimu ina yake, tungekuja kushtukia saiti zege limeshakauka na fundi kashika tindo. Na ukibadili dirisha kwenye plani, kwenye seksheni na kwenye orodha linabadilika lenyewe, mimi niliyekuwa nakesha nahesabu madirisha nilibaki mdomo wazi.

Walipokosea sasa. Hawakuuliza kompyuta zetu zikoje, zina RAM GB 8 na Revit ya siku hizi inataka 16 kwa uchache, ikabidi bosi akimbizane na RAM huku wao posho inasoma. Halafu modeli wakaisevu kwenye toleo jipya, injinia wetu wa stracha ana la zamani, na faili la Revit halirudi nyuma ng'o, siku hizi tunamtumia IFC, faili la modeli linalofunguka kwenye programu tofauti.

Ila templeti waliyotuachia ni ya ukweli, milango na kuta zina vipimo vya huku kwetu, na kuna dogo wa ofisini walimnoa vizuri, yeye ndo tunamsumbua tukikwama, bila yeye tungesharudi AutoCAD kimya kimya.

Ya tano imekwama kwenye somo la mifumo ya umeme, tulilipia, muda ukaisha, wakasema watamalizia kwa Zoom. Huu ni mwezi wa pili tunasubiri.