Makumbusho ya GAA, Croke Park: msipite hivi hivi

Jamani mkifika Dublin ingieni makumbusho ya GAA, chama cha michezo ya jadi ya Ireland, yako humo humo uwanjani Croke Park, uwanja unabeba watu 82,300 na wachezaji wote wa michezo hiyo hawalipwi mshahara, wengi wanachezea klabu ya kwao walikokulia, mi hiyo ndo imenigusa kabisa. Stori inaanzia 1884 mjini Thurles, Michael Cusack na wenzake walipokutana hotelini wakaunda chama hiki cha kulinda michezo ya Waayalandi. Halafu unafika Novemba 21, 1920, vikosi vya Uingereza viliwamiminia risasi watu wakiwa kwenye mechi humo humo Croke Park, wakafa 14, mmoja wao mchezaji wa timu ya kaunti ya Tipperary, Michael Hogan, na jukwaa moja la uwanja lina jina lake mpaka leo. Hapo nilisimama kimya muda mrefu, koo limekaba.

Vikombe vya ubingwa, Sam Maguire wa soka ya Kigaeli na Liam MacCarthy wa hurling, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo, vile vya mwanzo kabisa, utaviona. Kuna na sehemu ya kujaribu kucheza, unashika ile fimbo ya hurling, bapa mwishoni kama mwiko wa ugali, mwanangu aligoma kuiachia. Chukueni tiketi yenye ziara ya uwanja pia, mnapita hadi vyumba vya kubadilishia nguo.