RAM ya Kuchezea Magemu: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Uiwache Dukani

Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, mtoto wa kaka yangu alinijia hapa Mlandege, Unguja, na laptopu kwapani, uso umemkunjika. "Ami, mpira unakwama. Napiga pasi, mchezaji anaganda, halafu anaibukia kwengine."

Mashine yenyewe haikuwa mbaya. Prosesa Core i5 ya kizazi cha 11, SSD (diski ya kasi), RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 8. Kibandiko kinasema Iris Xe, grafiki ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, lakini nilipoingia kwenye Windows kuangalia, grafiki ikajitaja Intel UHD, basi. Hapo nikajua. Nikafungua kifuniko cha chini: sloti mbili, moja ina RAM, ya pili ina vumbi. Intel wameweka sharti kwamba grafiki hiyo haivai jina la Iris Xe mpaka RAM iwe kwenye chaneli mbili, yaani njia mbili za kwenda kwenye prosesa. Tukatia GB 8 nyengine, mashine ilipowaka jina likabadilika, na mpira ukaanza kutembea. Hatukugusa kitu chengine.

Kwa hiyo naegemea upande mmoja, na nakwambia mapema: kama mashine yako haina kadi ya grafiki ya peke yake, RAM mbili ndogo zinaishinda moja kubwa. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya mashine. Ukitia RAM moja, prosesa na grafiki zinapanga ndoo kwenye bomba moja. DDR4 (kizazi cha nne cha RAM) ya 3200 (namba ya kasi yake) ikiwa moja inapitisha GB 25.6 kwa sekunde; mbili kwenye chaneli mbili, 51.2. Mwenye kadi ya grafiki kama GTX 1650 ya GDDR5 (aina ya kumbukumbu ya kadi) ana kumbukumbu ya pembeni inayopitisha GB 128 kwa sekunde, kwa hiyo yeye chaneli moja haimuumizi sana, ingawa ataona fremu (picha kwa sekunde) zinashuka ghafla pale gemu linapojaa watu.

Nafasi ya kwanza: pacha wa RAM uliyonayo. Ndiyo njia rahisi kuliko zote na ndiyo inayosahaulika. Toa RAM yako, isome. Ikiwa imeandikwa 8GB PC4-3200AA, unatafuta DDR4 ya GB 8 ya 3200. PC4-2666V ni 2666, PC4-2400T ni 2400. PC3L-12800S ni DDR3L ya laptopu, ya 1600. Hiyo L usiidharau. Niliwahi kumpelekea mteja wa Wete, Pemba, RAM ya PC3 isiyo na L, muuzaji aliniapia, "Zote DDR3 hizo, sheikh." Kumbe ile L maana yake ni volti 1.35, na isiyo nayo inataka 1.5. Laptopu ya watu ikakaa na kioo cheusi, RAM ikarudi Unguja kwa boti, nauli yangu mimi.

Kama laptopu yako ina GB 8 zilizochomelewa kwenye bodi na sloti moja tu, tia GB 8. Ukitia 16, kwenye mashine nyingi sehemu inayolingana ndiyo itakayokwenda kwa chaneli mbili, na GB 8 zinazobaki zitakwenda kwa moja. Si dhambi, lakini ujue unacholipia.

Nafasi ya pili: GB 16, yaani 8 mara mbili. Anayeunda kompyuta ya mezani leo, au anayeanza upya, aanzie hapa. GTA V ilipendekeza GB 8, lakini zama hizo zimepita: Cyberpunk 2077 tangu 2023 inataka GB 12 kwa uchache. Na usisahau kwamba grafiki ya ndani inakata fungu lake kwanza kabla ya Windows, Discord na kurasa kumi ulizoziacha wazi.

Hapa ndipo watu wanapomwaga pesa. Vijana wengi wananunua zile kompyuta za ofisi za mtumba, OptiPlex na ProDesk, halafu wanatafuta RAM ya 3200 kwa sababu namba ni kubwa. Core i5-6500 inaishia 2133. i5-7500 inaishia 2400, i5-8500 inaishia 2666. RAM ya 3200 itaingia, itafanya kazi, na itashuka mpaka kasi ya prosesa. Chukua ya kasi ndogo, chenji nunua kipadi cha kuchezea. Na za kizazi cha 6 fungua uone kwanza, kwani ziko za DDR4 na ziko za DDR3L.

Mwenye Ryzen 5 5600G, prosesa ya AMD yenye grafiki ndani, ndiye wa kulipia 3200, na akishatia aingie BIOS (mipangilio ya bodi kabla ya Windows) awashe XMP, kitufe cha kuipa RAM kasi yake kamili. Bila hivyo RAM nyingi za 3200 zinatembea kwa 2133 au 2400 na mwenyewe hana habari. Nimekutana na mashine iliyokaa miaka miwili hivyo.

Ya tatu: GB 32, 16 mara mbili. Nzuri kama mchana unahariri video za harusi na usiku ndiyo unacheza. Kwa gemu peke yake, kutoka 16 hadi 32 wengi hawataona tofauti.

Ya nne: GB 16 moja. Kwa mwenye kadi ya grafiki, au aliyeahidi nafsi yake kwamba mwisho wa mwezi anaongeza ya pili. Ahadi hizo nazijua.

Ya mwisho: RAM za taa. Taa hazichezi mpira.

DDR5 sikuipa nafasi makusudi. Haingii kwenye bodi ya DDR4, pengo lake limekaa pengine, na bei za RAM zimepanda vibaya tangu mwisho wa 2025 kwa sababu viwanda vinahudumia seva za akili mnemba kwanza. Ukiwa na Ryzen ya bodi ya AM5, inayokubali DDR5 tu, huna hiari. Wengine kaeni na mlichonacho.

Kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji aitie na aiwashe mbele yako. Fungua Task Manager, sehemu ya kumbukumbu: utaona kasi na sloti ngapi zimetumika. Programu ya CPU-Z itakwambia chaneli ni moja au mbili. Bodi ya sloti nne, kwa kawaida RAM mbili hukaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ukizibananisha pamoja, mara nyingi umerudi kwenye bomba moja.

Na ukifika nyumbani isiwake, usikimbilie kurudisha. Kwetu hewa ina chumvi, na meno ya RAM ya mtumba yanafifia. Chomoa umeme, laptopu itoe na betri, shika chuma kitupu kidogo mkono utoe umeme tuli, kisha yasugue meno taratibu kwa ufutio wa penseli mpaka yang'are. Pukuta uchafu, irudishe, kandamiza. Kwenye kompyuta ya mezani sikiliza "ta" ya vishikizo. Isipolia, bado haijakaa.